UKIMFUKUZA MCHANA, ANARUDI JIONI

(Mada hii ilisomwa mbele ya wanachama wa kata ya Gongo la Mboto, jijini Dar es Salaam, katika mkutano wa ndani uliokuwa ukijadili nidhamu. Tumeipunguza kidogo tu ili itoshe ukurasani. – Mhariri)



Ndugu Katibu aliponiletea barua aliandika kwamba mada yangu iwe "Jinsi ya kuwabadilisha wanachama wazembe". Naomba radhi, nimeipindua. Nitazungumza juu ya jinsi ya kumbadilisha mtu mpaka akawa kinyume kabisa cha ulivyokusudia. Katika fani hiyo nchi yetu ina uzoefu mkubwa, na mifano haiko mbali.

Mezani kwetu leo yapo mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba mwanachama asiyehudhuria mkutano wa tawi atozwe faini ya shilingi 1,000. La pili ni kwamba mwanachama yeyote atakayeonekana amevaa kanga, fulana au kofia ya chama tawala jina lake libandikwe ubaoni ofisini na kusomwa hadharani. Walioyaleta wana uchungu na chama, na sina shaka na nia yao. Lakini serikali za nchi hii, kuanzia ya Mwingereza mpaka hii tuliyonayo, zimefanya mambo ya namna hiyo kwa miaka themanini, na matokeo yake mnayaona kila jioni pale stendi yakiuza karanga, ndizi za kukaanga na mitumba.

Tuanze na mwaka 1944. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji "wasiotakiwa". Mtu asiye na ajira inayotambuliwa na bwana mkubwa aliitwa mhuni, akakamatwa na kurudishwa kwao. Sasa wazee mnaoijua reli ya kati, ile inayopita hapa jirani kuelekea Pugu, niambieni: treni iliyompeleka mtu bara haikuwa na safari ya kurudi? Mwaka 1948 Dar es Salaam ilihesabiwa watu wapatao 69,000. Mwaka 1957, baada ya miaka mingi ya misako, walihesabiwa karibu 129,000. Aliyefukuzwa alirudi akiwa amejifunza mambo ambayo hakuyajua mara ya kwanza: alale mtaa gani, amtaje tajiri yupi akiulizwa, msako ukianzia Kariakoo akimbilie wapi. Serikali ilikuwa imemsomesha bure.

Tukapata Uhuru. Mtu angetegemea mwenye nchi akiwa mwananchi mwenzetu atakuja na dawa nyingine. Mwaka 1976 tukaletewa operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na kuanzia Oktoba mwaka huo malori yakaanza kuzunguka mitaani kukusanya "wazururaji" ili wapelekwe vijijini na mashambani wakazalishe mali.

LESENI YA WALIOFUKUZWA

Hapa naomba tukae kidogo, maana mwaka 1983 ni shule nzima.

Nia yake ilikuwa nzuri ukiisikia jukwaani. Nchi ilikuwa haina sukari, haina sabuni, haina fedha za kigeni. Vita vya Kagera vilikuwa vimetukausha, bei ya mafuta ilikuwa juu, viwanda vinazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Ikaonekana kwamba vijana wengi mno wamekaa mjini bila kazi wakati mashamba yanaota majani. Kwa hiyo, wapelekwe. Hesabu rahisi.

Lakini aliyepiga hesabu hakuuliza wale watu walikuwa wanafanya nini pale barabarani. Walikuwa kazini, ndugu zangu! Mmoja anauza maandazi, mwingine anashona viatu, mwingine anabeba mizigo. Walikuwa pale kwa sababu mshahara wa kima cha chini haukumaliza wiki, na mwenye mshahara alihitaji mtu wa kumuuzia vitu kwa vipimo vya mfukoni mwake. Mara nyingi hata mke wa karani aliyekuwa akiandika majina ya wazururaji naye alikuwa na mradi wake wa vitumbua uani. Serikali ilikuwa inajifukuza yenyewe pasipo kujijua. (Vicheko)

Nini kilitokea? Walikamatwa hata watu wenye ajira zao kwa sababu tu hawakuwa na kitambulisho mfukoni. Kitambulisho kikawa bidhaa ya kutafutwa kwa kila njia. Aliyepelekwa shambani, ambako hakukuwa na jembe la kutosha wala nyumba, alirudi mjini baada ya muda mfupi. Na kwa kuwa kuwa mtaani bila karatasi kulikuwa kosa, watu wakadai karatasi. Wauzaji wadogo wakataka leseni. Halmashauri, ambazo nazo zilikuwa na njaa ya mapato, zikaanza kuwapa.

Na leseni hiyo iliitwaje? Wazee wanaikumbuka: leseni ya nguvu kazi! Jina la sheria iliyokuja kuwafagia wamachinga likawa jina la karatasi iliyowaruhusu kukaa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, hata kijana ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 1983 aliweza kumwonyesha mgambo leseni yake ya nguvu kazi na kumwambia, niache, mimi ni halali. Mimi sijui mfano bora zaidi wa amri iliyomzaa adui yake mwenyewe.

Mwaka huohuo serikali ilikubali yaishe katika jambo jingine. Magari ya abiria ya watu binafsi yalikuwa haramu, kazi hiyo ilikuwa ukiritimba wa UDA. Yakikamatwa leo, kesho yanapita njia nyingine, maana abiria walikuwa wamerundikana vituoni na UDA haina mabasi. Mwaka 1983 yakaruhusiwa. Ndiyo daladala hizo, zilizopewa jina kutokana na nauli ya shilingi tano, dala. Angalieni tofauti: palipotumika lori la kukamata, tatizo liliongezeka, na palipokubaliwa ukweli watu wakafika kazini.

Najua mtu atanijibu hapa kwamba mifano hiyo yote ni ya serikali kuzuia riziki za watu, na sisi tunataka watu wafanye jambo jema, wahudhurie mkutano. Haya, tuwachukue walioamriwa jambo jema.

Humu ndani wamo wenye asili ya Matombo na Mgeta. Baada ya Vita Kuu ya Pili Mwingereza aliona, na aliona sawasawa, kwamba udongo wa milima ya Uluguru unasombwa na mvua. Akaleta mpango wa kuhifadhi ardhi na kuwaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi milimani, kwa siku zilizopangwa, wake kwa waume, na asiyechimba ashitakiwe. Waluguru walijua jambo ambalo bwana shamba hakulijua au hakutaka kulisikia: ukichimba ngazi katika mlima ule unafukia udongo mzuri wa juu na kuutoa ule wa chini usiozaa. Walisema. Waliambiwa ni wavivu na wabishi. Julai 1955 kukatokea ghasia Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukafa naye. TANU, ambayo ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tu tangu izaliwe, ikapata wanachama Uluguru bila kugawa hata kofia moja. Na lililo baya zaidi ni kwamba tuta lilishakuwa alama ya ukoloni. Bwana shamba aliyekuja baadaye na shauri jema kuhusu udongo alikuta milango imefungwa.

Amri mbaya ina ubaya wa namna hiyo. Inashindwa leo, na kesho inamharibia njia anayekuja na neno la kweli.

Mtaalamu mmoja wa saikolojia wa Marekani, Jack Brehm, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1966. Kwa maneno ya kwetu alisema hivi: mtu akihisi unamnyang'anya uhuru wake wa kuchagua, anaanza kukitaka kile unachomkataza kuliko alivyokitaka kabla, kwa sababu sasa anapigania uhuru na si kitu chenyewe. Mzazi yeyote mwenye kijana wa miaka kumi na sita anaweza kuandika kitabu hicho.

FAINI INAPOGEUKA NAULI

Sasa nije kwenye shilingi 1,000 zetu.

Kuna uchunguzi uliofanywa katika shule kumi za kulelea watoto wadogo mjini Haifa, Israel, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2000. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni, walimu wanabaki wakisubiri. Katika baadhi ya shule hizo ikawekwa faini ndogo kwa mzazi atakayechelewa. Mngetarajia nini? Waliochelewa waliongezeka! Faini ilipoondolewa, hawakurudi kuwahi kama zamani.

Sababu yake haihitaji chuo kikuu. Kabla ya faini mzazi aliona haya. Alijua mwalimu ana watoto wake nyumbani, na uso ulimshuka akimkuta amekaa peke yake na mtoto mmoja getini. Faini ilipokuja, haya ikaondoka. Alikuwa amelipa. Kuchelewa kukawa huduma yenye bei yake, kama nauli ya daladala. Na haya ikishamtoka mtu hairudi kwa kufuta faini.

Huko ni Haifa. Hapa kwetu, Desemba 2018, Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Sitaki kumsema vibaya marehemu kwa hilo, maana wako waliopumua, mgambo aliyezoea kuchukua sinia la mtu alipata adabu kidogo. Lakini tutazame kilichouzwa. Serikali ilifikiri inaandikisha wafanyabiashara. Mwenye meza alifikiri amenunua mahali. Kwake yeye shilingi 20,000 zilikuwa kodi ya pango la barabara, na akisimama juu ya mtaro au mbele ya duka la mtu, anayemgusa amekiuka mkataba. Wengine ambao hawakuwa barabarani wakaona bei ni nafuu, wakaja. Ilipofika Oktoba 2021 na vibanda vikabomolewa katika jiji hili, watu hawakulia tu kwa mbao zilizovunjwa. Walikuwa wanashangaa: si tulilipa?

Na kabla ya hapo walikuwa wamejengewa jengo pale Karume, Ilala, la Machinga Complex, kwa fedha za mkopo wa NSSF. Vizimba vingi vilikaa miaka bila mtu. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi wa machinga ni mpita njia, na mpita njia hapandi ghorofani kutafuta soksi. Mamilioni ya fedha yangeokolewa na swali moja kwa muuza soksi mmoja.

Kwa hiyo aliyefukuzwa mchana amerudi jioni, mgambo wakishamaliza zamu. Ameacha meza ya mbao na kuchukua turubai lenye kamba katika pembe nne, unavuta mara moja mzigo wote uko begani. Ufundi huo haukufundishwa VETA.

Nisieleweke vibaya kwamba hakuna sheria inayobadilisha tabia. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, na ile mifuko ya rambo iliyokuwa ikiziba mitaro yetu kwa kweli ilipungua sana. Kwa nini hii ilifaa? Watu walipewa muda, kila mtu alikuwa amechoka na mitaro kuziba, na mfuko mbadala ulipatikana gengeni siku ileile. Hata hivyo penye upenyo watu walipita: vifungashio laini vilivyoachwa kwa ajili ya kufungia bidhaa vikageuzwa kuwa mifuko ya kubebea, ikabidi serikali ivigeukie navyo mwaka 2021. Tuseme ilifaulu, lakini si kwa ubabe peke yake.

Mwaka huohuo wa 2021 tulipata tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 15. Wananchi hawakuandamana. Walirudi tu kwenye desturi ya zamani ya kumpa kondakta bahasha na kubeba noti kwenye soksi. Septemba mwanzoni, haijatimia miezi miwili, serikali ikatangaza kuipunguza kwa asilimia 30. Serikali iliyochukua miaka mingi kuwashawishi watu watumie fedha za simu ilikuwa imewafundisha kwa wiki chache namna ya kuziepuka.

Ndugu Mwenyekiti, nirudi nyumbani.

Tukiweka faini ya shilingi 1,000, nitawaambia nani atalipa kwa furaha: yule mwanachama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye sasa anakuja kwa sababu anaona aibu kutokuja. Atatuma kijana na noti, tena ya miezi mitatu mbele. Na nani hatalipa? Mama anayeuza samaki, ambaye mikutano yetu tunaiweka saa kumi jioni, saa ambayo wateja wake wanashuka kwenye magari. Hatakuja na faini hana. Mkutano wa pili hatakuja kwa sababu anadaiwa. Wa tatu atapita njia nyingine asikutane na mjumbe wa nyumba kumi wetu. Tutakuwa tumebaki na noti za mwenye duka na viti vitupu.

Kuhusu kanga ndiyo naomba mnisikilize zaidi.

Mwaka 2000 Bunge liliingiza katika sheria ya uchaguzi kitu kinachoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura na isihesabike rushwa. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaitupilia mbali. Sheria ilikufa lakini pilau haikufa, hilo tunalijua wote. Kanga, fulana na kofia bado zinakuja kila msimu. Sisi wenyewe majukwaani tumewaambia watu miaka nenda rudi: pokeeni, ni kodi zenu, kura pigeni mnakotaka. Leo tumuadhibu aliyetusikiliza?

Kanga kwa mama wa Gongo la Mboto ni nguo. Anabebea mtoto, anajifunga akipika, anafunikia maiti ikibidi. Hasomi kilichoandikwa kila anapoifunga. Ukimbandika ubaoni kwa kanga hiyo, unamwambia kwamba vazi lake ni uamuzi wa kisiasa, na kwamba amekwisha kuamua. Hapo kabla alikuwa mwanachama wetu mwenye kanga yao. Baada ya kusomwa jina lake mbele ya majirani na wakwe zake atakuwa wao kweli, kwa sababu kule hawamsomi jina. Wenzetu watakuwa wamenunua kura kwa kanga moja, na sisi ndio tuliowasindikiza mpaka kwenye sanduku.

Tena kuna upande mwingine wa shilingi hiyo ambao unatupasa tuutazame kwa furaha kidogo. Zawadi nayo inamgeuka anayeitoa. Mtu aliyekipigia chama kura kwa mapenzi, ukimpa kofia unamfundisha kwamba kura yake ina bei, na bei ya vitu hupanda. Kofia inakuwa haitoshi, inatakiwa fulana, kisha kanga doti nzima, kisha fedha taslimu, na huyo anayepokea bado anaweza kupiga kura anakotaka kwa sababu sanduku halina dirisha. Kwa nini tuwaokoe na mzigo huo kwa kuwakabidhi wanachama wetu waliokasirika?

Napendekeza mambo machache, nayo hayana makali. Mapendekezo yote mawili yaondolewe mezani. Kabla ya kikao kijacho wajumbe wa mashina wapite kwa wale wasiohudhuria, bila daftari la madeni, wawaulize tu ni saa ngapi na siku gani wangeweza kuja, na kama wakija wanasikia jambo lolote linalowahusu. Jibu la swali la pili litatuuma, nina hakika, kwa sababu vikao vitatu vilivyopita tumejadili nani akae meza kuu. Mkutano wa kina mama uhamishiwe asubuhi ya Jumapili baada ya ibada, mahali ambapo mwenye mtoto anaweza kukaa naye. Na ubao wa ofisini, ule uliokusudiwa majina ya wasaliti, uandikwe bei za leseni na ushuru wote halali wa kata hii, ili mwenye meza akitishwa na mtu asiye na risiti ajue pa kuja kusoma.

Kama wajumbe wataona bado faini inafaa, naomba ianze kwa sisi wa kamati, kwa miezi mitatu, halafu tuhesabu nani amekuja na nani ametuma noti.

Mada naiwasilisha, Ndugu Mwenyekiti. Niko tayari kwa maswali.